Mwalimu Aliyerudi Kuwa Mwanafunzi: Maisha ya Dkt. Albert Schweitzer (1875–1965)

Dkt. Albert Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari 1875 mjini Kaysersberg, katika jimbo la Alsace, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya Ujerumani na leo ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri, naye alikulia katika nyumba ya mchungaji kijijini Gunsbach. Huko alijifunza kupiga kinanda cha kanisa tangu utotoni.

Alisoma theolojia na falsafa katika Chuo Kikuu cha Strasbourg. Mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari wa falsafa, na mwaka uliofuata shahada ya juu ya theolojia. Akawa mhubiri katika Kanisa la Mtakatifu Nikolai, mhadhiri wa chuo kikuu, na tangu mwaka 1903 mkuu wa chuo cha wanafunzi wa theolojia. Kwa macho ya watu, njia yake ilikuwa imekwisha kunyooka.

Lakini mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 21, alikuwa ameweka nadhiri moyoni: angeishi kwa ajili ya elimu na muziki hadi afikishe miaka 30, kisha angejitoa kuwatumikia wanadamu moja kwa moja. Mwaka 1904 alisoma katika gazeti la Chama cha Misioni cha Paris habari za upungufu wa watumishi huko Gabon. Ndipo alipoitambua kazi yake. Aliamua kwenda kama daktari wa tiba, ili badala ya kunena habari za upendo autende kwa mikono yake.

Mwezi Oktoba 1905 aliwaandikia barua wazazi na rafiki zake kuwajulisha uamuzi huo. Wengi walimpinga wakiona anafukia talanta zake. Hata mkuu wa kitivo cha tiba aliona afadhali ampeleke kwa mwenzake wa magonjwa ya akili. Tena sheria haikumruhusu mhadhiri kuandikishwa kama mwanafunzi, hivyo serikali ilibidi impe kibali maalumu cha kufanya mitihani.

Basi mwalimu aliketi tena katika benchi la wanafunzi, akianza na anatomia, kemia, fizikia na elimu ya viumbe. Wakati huohuo aliendelea kufundisha theolojia, kuhubiri na kuandika vitabu. Uchovu ulikuwa mzigo wake mkubwa katika miaka yote hiyo. Mitihani ya kwanza ilipokaribia, wanafunzi wenzake walimshawishi ajiunge na kikundi chao cha marudio, naye akakubali kujifunza pamoja na vijana hao. Ada ya mtihani wa mwisho wa serikali aliipata kwa kupiga kinanda mjini Munich. Hivyo kipaji alichodhaniwa kukifukia ndicho kilichomvusha.

Mwaka 1912 alimwoa Helene Bresslau, ambaye naye alikuwa amejifunza uuguzi kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1913 alitunukiwa shahada ya udaktari wa tiba, akiwa na umri wa miaka 38. Hata hivyo, Chama cha Misioni kilitilia shaka theolojia yake, na ili akubaliwe ilimpasa kuahidi kwamba angetibu tu bila kuhubiri. Mwalimu wa wahubiri aliikubali ahadi hiyo. Baadaye wamisionari wenyewe wa Lambaréné walimwomba ahubiri.

Alifika Lambaréné, kando ya Mto Ogooué, mwezi Aprili 1913, na chumba chake cha kwanza cha kutibia kilikuwa banda kuukuu la kuku. Vita Kuu ya Kwanza ilimfanya mfungwa, lakini mwaka 1924 alirudi na kuijenga hospitali upya. Waafrika wengi wamemlaumu, na kwa haki, kwa kuwaona kama wadogo zake wa kuongozwa. Pamoja na hayo, wagonjwa wengi walipona mikononi mwake. Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1952 aliitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma.

Alifariki tarehe 4 Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 90, akazikwa hukohuko Lambaréné. Maisha yake yanashuhudia kwamba mwito waweza kumfikia mtu aliyekwisha kuwa na cheo na heshima, na kwamba kuuitikia huenda kukamdai kwanza akubali kufundishwa upya.