Nikolai Vavilov: alikusanya mbegu za dunia, akafa na njaa

Nikolai Vavilov alizaliwa Moscow, mu Urusi, mwaka 1887. Alisoma kilimo, akamaliza 1911, kisha akaenda Uingereza kwa mwalimu William Bateson kujifunza mambo ya urithi: juu ya nini mtoto anafanana na mzazi. Mwaka 1921, wakati njaa kali ilikuwa inaua watu Urusi, akapewa kazi ya kuongoza ofisi ya mbegu mu mji ambao baadaye uliitwa Leningrad.

Vavilov alipenda sana ngano na shayiri, ile nafaka ya kutengeneza bia. Mimea hii ni sawa na maharagi yetu: ua linajizalisha lenyewe, halingojei unga wa ua la jirani. Mtu anaweza kuwaza kama mimea yote ya pori moja ni sawasawa. Hapana. Kila mmea unalinda ukoo wake, lakini jirani yake ni ukoo mwingine. Angalia maharagi ya mchanganyiko kwa soko ya Mangina: nyekundu, nyeupe, ya madoadoa, na kila moja inazaa ya kwake. Nyinyi wachimbaji munajua: mwenye kuosha mchanga wa shimo moja hawezi kusema dhahabu ya kilima kizima. Ndiyo maana Vavilov aliokota kidogo kidogo kila mahali.

Mwaka 1926 alipita Syria na Palestina, kule ngano ya pori inaota yenyewe kati ya mawe. Malaria ikamushika njiani. Mwaka 1927 alizunguka Ethiopia na nyumbu, kwa ruhusa ya Ras Tafari, mwenye baadaye aliitwa Haile Selassie. Kule alikuta ngano za namna nyingi sana, hata za punje ya zambarau. Miaka kisha, shayiri za Ethiopia ndizo zilitoa kinga ya kirusi kilichokuwa kinaharibu mashamba ya shayiri Marekani.

Lakini mu Urusi, Trofimu Lysenko alikataa elimu ya urithi, na Stalin akamuunga mkono. Tarehe 6 Agosti 1940 Vavilov alikamatwa Ukraine, akiwa anatafuta mimea. Walimuhukumu kifo, kisha wakageuza kuwa miaka 20. Alikufa mu gereza ya Saratov tarehe 26 Januari 1943, mwili umeisha na njaa. Alikuwa na miaka 55.

Wakati ule Leningrad ilikuwa imezungukwa na majeshi ya Ujerumani. Wafanyakazi wake kadhaa walikufa njaa pembeni ya mifuko ya mchele na njegere, bila kugusa mbegu. Mwaka 1955 serikali ilifuta hukumu yake, na leo chuo kile kinabeba jina lake.

Kwetu, vita ikifukuza familia shambani, mbegu nazo zinapotea. Mama mwenye kukimbia na kifuko cha maharagi asichague rangi moja tu. Ugonjwa ukija, rangi moja inaweza kuisha yote. Mchanganyiko unabakiza kitu cha kupanda.