Bingwa wa Sataranji Aliyekufa na Siri Yake

Tuna mazoea ya kupima kipawa cha mtu kwa vikombe alivyojizolea. Mwenye kipawa akigeukia kazi nyingine, husemwa kuwa amekitupa. Maisha ya Conel Hugh O'Donel Alexander yanatulazimu kulitafakari upya jambo hili.

Alizaliwa mwaka wa 1909 mjini Cork, Ireland, ambako babake alikuwa profesa wa uhandisi. Baba alipofariki mwaka wa 1920, jamaa yake ilihamia Birmingham, Uingereza. Kijana huyo alisomea hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akawa mwalimu wa somo hilo, kisha mtumishi wa kampuni ya maduka ya John Lewis. Kazi hizo hazikumzuia kucheza sataranji. Katika mashindano ya Hastings ya 1937/38 aligawana nafasi ya pili na Paul Keres, na mwaka wa 1938 akatwaa ubingwa wa Uingereza.

Vita Vikuu vya Pili vilizuka mwaka wa 1939 akiwa Buenos Aires, Argentina, akiiwakilisha nchi yake. Aliacha mashindano, akarudi nyumbani. Februari 1940 aliingia Bletchley Park, mahali ambapo Waingereza walifumbua maandishi ya siri ya Wajerumani. Mwaka uliofuata alijiunga na kikundi cha Alan Turing kilichoukabili mtambo wa Enigma wa wanamaji wa Ujerumani. Baadaye akawa kiongozi wake. Ujumbe waliousoma uliziwezesha meli za mizigo kuzikwepa nyambizi.

Oktoba 1941, watumishi walipokuwa haba, Alexander na wenzake watatu waliwaruka wakubwa wao wakamwandikia Waziri Mkuu Winston Churchill moja kwa moja. Churchill aliamuru wapewe walichohitaji.

Sisi wanaisimu hatuoni ajabu kwamba mchezaji aliifaa kazi hiyo. Mfumbuaji alikisia neno ambalo huenda limo katika ujumbe, akalipima herufi kwa herufi. Enigma haikuweza kamwe kuigeuza herufi kuwa herufi iyo hiyo. Basi palipotokea mfanano, kisio lilitupwa. Mcheza sataranji naye hubuni njia, akaifuata hatua kwa hatua mpaka imkubalie au imkatalie.

Nasi hatukuwa mbali na mambo hayo. Mwaka wa 1942 Waingereza waliitwaa shule ya Allidina Visram, Mombasa, wakaifanya kituo cha kufumbua maandishi ya siri ya wanamaji wa Japani. Alexander naye aligeukia maandishi ya Wajapani vita vilipokaribia kumalizika.

Amani iliporudi, alijiunga na idara ya ujasusi wa mawasiliano, GCHQ, akawaongoza wafumbuaji wake tangu 1949 hadi 1971. Sataranji ikabaki mchezo wa likizo. Hata hivyo, mwaka wa 1946 alimshinda Mikhail Botvinnik, bingwa wa dunia wa baadaye, katika pambano lililochezwa kwa redio. Hastings ya 1953/54 alimshinda David Bronstein, wakagawana nafasi ya kwanza. Lakini kwa sababu ya siri alizozibeba, hakuweza kwenda kucheza katika nchi za kambi ya Sovieti, walikokuwa wachezaji hodari kuliko wote. Hiyo ndiyo gharama aliyoilipa, wala hakuweza kuwaeleza mashabiki wake sababu.

Alifariki Februari 1974. Baadaye mwaka uo huo, kitabu cha F. W. Winterbotham kiliufunulia umma habari za Bletchley Park. Mwenyewe hakuwahi kuusikia umma ukimshukuru.

Mzazi anayemnyang'anya mwanawe ubao wa mchezo kwa kuuona ni upuzi, na kocha anayemlaumu kijana aliyeuacha mchezo kwa ajili ya kazi, wote wawili wanakosea. Akili iliyonolewa ubaoni haibaki ubaoni. Alexander hakukitupa kipawa chake. Alikipeleka mahali ambapo makofi hayakusikika.