Sidi Mubarak Bombay, mpanga safari wa Unguja aliyefika Karagwe

Leo ukiwa Rwamishenye na unataka kwenda Dar es Salaam, kazi yako ni kulipa nauli na kuwahi basi. Mengine yote yameshapangwa na watu wengine: njia, mafuta, mahali pa kula, mahali pa kulala. Zaidi ya miaka 160 iliyopita safari ya kutoka pwani hadi mkoani kwetu ilihitaji vitu vilevile, isipokuwa basi lilikuwa miguu ya watu na nauli ilikuwa vitambaa na shanga. Na mtu wa kupanga hayo yote alitakiwa awepo njiani mwenyewe, mbele ya kila mto na kila omukama.

Mmoja wa wapangaji hao, na pengine aliyetembea kuliko wote wa wakati wake, alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Kazi yake ilimleta mpaka Karagwe, kwa Omukama Rumanyika. Shuleni wengi wetu tulisoma majina ya Speke, Stanley na Burton. Jina la huyu hatukulisikia, ingawa wote watatu walisafiri naye.

Alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kusini, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa mtoto wa miaka kama 12, kijiji chao kilivamiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Alipelekwa Kilwa akauzwa, na baba yake hakumwona tena. Kutoka hapo alivushwa bahari hadi India. Jina la kuzaliwa lilipotea njiani. Mubarak ni jina alilopewa, Sidi ndivyo Waafrika walivyoitwa kule India, na Bombay ni ule mji ambao leo unaitwa Mumbai. Kwa hiyo jina tunalomjua nalo lote ni la ugenini.

Bwana wake alipofariki, Bombay aliachwa huru. Akarudi Afrika, lakini hakurudi kijijini. Alikwenda Unguja, akaingia katika jeshi la Sultani kama askari wa kawaida. Unguja ndiyo ikawa kwao tangu siku hiyo. Hapo ndipo aliporudi baada ya kila safari.

Mwanzoni mwa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walimkuta kwenye ngome ndogo ya askari karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu, ila alijua Kihindustani kidogo kwa sababu alikuwa ofisa wa jeshi kule India. Bombay naye alikijua kutokana na miaka yake ya utumwa. Lugha hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alianza kwa kumbebea Speke bunduki, na baada ya muda mfupi ndiye aliyekuwa mdomo wake na masikio yake.

Februari 1858 msafara ulifika Ziwa Tanganyika. Walipokuwa wakirudi, Burton alibaki Kazeh, yaani Tabora ya sasa, na Speke akaelekea kaskazini pamoja na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858 waliliona ziwa letu, Lweru, wakiwa upande wa Mwanza. Speke akalipa jina la malkia wake, Victoria. Wakazi wa huko walikuwa na majina yao tayari, na bila shaka hawakujua kwamba ziwa limegunduliwa.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi hatupafahamu. Kupanga msafara kulianza na wapagazi. Kila mmoja alibeba mzigo wa kama frasila mbili, kwa kipimo cha leo kilo 32 hivi, kichwani au begani, kwa miezi. Ndani ya mizigo hiyo fedha hazikuwemo, kwa sababu bara sarafu hazikununua kitu. Walibeba merikani, ile bafta nyeupe iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa nili, na masango ya shaba, na shanga. Shanga zilikuwa na fitina yake. Kila nchi ilikuwa na rangi inayoipenda. Ukichukua nyeusi kwa watu wanaotaka nyekundu, umebeba mzigo usionunua hata kuku, na wapagazi wako watalala njaa. Nguo zilipimwa kwa mikono: shuka ni mikono minne, doti ni minane. Kutoka kwenye mizigo hiyohiyo ilitoka posho ya kila siku, na ilitoka hongo, kodi ya kupita ambayo kila mtawala wa njiani aliidai.

Mpangaji kama Bombay alitakiwa kujua ni doti ngapi zitolewe wapi. Ukitoa kidogo unazuiwa, ukitoa nyingi mtawala wa mbele anasikia na kupandisha. Aligawa posho, aliamua ugomvi, aliwafuata wapagazi waliotoroka usiku na mizigo. Nani anaonekana mwizi mambo yakiharibika? Ni yeye. Bwana mkubwa hakujua lugha, na wapagazi hawakumwamini bwana mkubwa.

Safari ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Speke alirudi akiwa na mwenzake James Grant, na mwezi Oktoba 1860 waliondoka pwani. Kazeh walifika Januari 1861. Lakini kutoka Kazeh mpaka Karagwe, njia ambayo leo gari linaikata kwa siku moja, iliwachukua karibu miezi kumi. Kulikuwa na vita kati ya Waarabu wa Kazeh na Mtemi Mnywa Sere, wapagazi hawakupatikana, na hongo ilikuwa kali. Wakapita Usui, upande wa Biharamulo na Ngara, ambako mtawala Suwarora aliwakamua vilivyo.

Mwishoni mwa Novemba 1861 walifika Bweranyange, makao ya Rumanyika Orugundu, wa ukoo wa Abahinda. Hapo mambo yalibadilika. Rumanyika hakuwakamua. Aliagiza wapewe chakula, akakaa nao mazungumzo marefu, akatuma ujumbe Buganda kwa Kabaka Mutesa ili waruhusiwe kupita. Karagwe haikuwa porini kama tunavyoweza kudhani. Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na habari za Unguja zilikuwa zikifika.

Grant aliugua vibaya mguu akabaki kwa Rumanyika kwa miezi kadhaa. Januari 1862 Speke na Bombay waliendelea, wakavuka Mto Kagera kwenye kivuko cha Kitangule, jina ambalo bado lipo kwetu kama Kitengule. Kwa Mutesa, neno moja la Speke lilisafiri kwa hatua: Kihindustani kwa Bombay, Kiswahili kwa mkalimani mwingine, kisha Kiganda. Hukohuko Uganda, Speke alimpiga Bombay ngumi usoni na kumng'oa meno. Pengo hilo alibaki nalo, na wazungu waliomwajiri baadaye walilitaja wakimweleza sura yake.

Hakukimbia. Kutoka Bunyoro alitumwa mbele na watu wachache kutafuta msaada kaskazini, akarudi na habari kwamba njia ipo. Februari 1863 walifika Gondokoro kwenye Mto Nile, na kutoka hapo mpaka Cairo. Kati ya zaidi ya watu 100 walioanza pwani, waliobaki walikuwa kundi dogo, Bombay akiwa mkuu wao. Speke aliwalipa mishahara yao na kuagiza wanunuliwe shamba Unguja, pamoja na dola kumi za mahari kwa kila atakayepata mke. Wakarudishwa kwa meli.

Mwaka 1871 akaja Henry Stanley, akimtafuta Livingstone. Alimfanya Bombay nyapara wa askari wake katika msafara wa watu 192 uliogawanywa mafungu matano, na baadhi ya wale waliofika Cairo wakaajiriwa tena pamoja naye. Walimkuta Livingstone Ujiji mwezi Novemba. Stanley naye alimlaumu kwa uvivu na kumwadhibu kwa kipigo. Hapa msomaji ajue jambo moja: karibu yote tunayojua kuhusu Bombay yameandikwa na waajiri wake. Yeye hakuacha kitabu. Mtu mvivu, mlevi na mpotevu, kama walivyolalamika, kwa nini aliajiriwa tena na tena na watu waliokuwa na Unguja nzima ya kuchagua? Mimi nadhani jibu liko kwenye ajira zenyewe.

Safari ya mwisho kubwa ilikuwa na Verney Cameron, mwaka 1873. Walitoka Bagamoyo, na Oktoba mwaka huo, wakiwa Tabora, wakapokea maiti ya Livingstone iliyoletwa na Chuma na Susi. Cameron aliamua kuendelea magharibi. Novemba 1875 walifika Bahari ya Atlantiki karibu na Benguela, Angola, wakiwa na njaa na magonjwa. Bombay alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari moja hadi nyingine kwa miguu, akiwa na umri wa miaka kama 55. Mwaka uliofuata alirudi Unguja kwa meli.

Royal Geographical Society ya London ilimpa medali ya fedha, na mwaka 1876 ikampangia pensheni. London kwenyewe hakufika. Alifariki tarehe 12 Oktoba 1885. Rumanyika alikuwa ameshafariki, na Bukoba kama mji ilikuwa bado haipo. Ilikuwa mpaka 1890 ndipo Emin Pasha alipojenga kituo cha Wajerumani kando ya ziwa.