Khabari za Mlozi wa Karonga, Mfanyi Biashara Aliyetaka Usultani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ewe ndugu Muislamu, katika kurasa hizi chache twakusudia kukueleza khabari za mtu mashuhuri wa zamani, si kwa kumtukana maiti, bali kwa kuzingatia. Biashara ni mlango mkubwa wa riziki ya halali, na Mtume wetu mwenyewe aliifanya kabla ya kupewa utume, hata watu wa Makka wakamwita Al-Amin. Walakini aingiaye mlango huo akaacha amana yake nje, hatoki salama.

Mtu aliye Busale, katika nchi ya Kyela, akishika njia ya kusini huuvuka mto Songwe, akaingia nchi ya Karonga, kwenye ufuo wa ziwa Nyasa. Huko wakaa Wangonde, ambao kwa asili na lugha ni ndugu wa Wanyakyusa wa Kyela. Ni nchi ya ng'ombe na migomba, na chifu wao mkuu huitwa Kyungu. Huko ndiko alikofika Mlozi bin Kazbadema, karibu na mwaka 1880 na kitu, pamoja na wenziwe Kopakopa na Msalemu.

Kazi ya Mlozi ilikuwa pembe za ndovu. Watu wake walizikusanya katika nchi ya Wasenga, upande wa magharibi, wakazileta ziwani. Hapo Karonga palikuwa na duka la kampuni ya Waskoti, iliyoanzishwa mwaka 1878, na wenyeji waliiita Mandala. Kampuni ilinunua pembe, ikazipakia katika meli zake hata kusini mwa ziwa, na kutoka huko zikateremshwa kwa mto Shire na Zambezi mpaka pwani. Wangonde nao walimpokea Mlozi kwa wema, wakampa mahali pa kukaa, wakamuuzia chakula. Kwa hayo yote biashara yake ilikuwa na baraka, lau angalitosheka.

Na haki yake tuiseme. Mara nyingi kampuni haikuwa na nguo na bidhaa za kutosha kulipia pembe zilizoletwa, na wafanyi biashara walikaa wakingojea malipo siku nyingi, na wafuasi wao wenye bunduki wanataka kula. Mwenye kucheleweshewa haki yake ana neno la kusema, na sharia humpa njia ya kudai. Walakini mdaiwa alikuwa Mandala, na walioonewa walikuwa Wangonde, wasiokuwa na deni lake hata moja.

Mwaka 1887 ugomvi ukazuka baina ya watu wa Mlozi na Wangonde, na damu ikamwagika. Fotheringham, aliyekuwa msimamizi wa duka, akajaribu kusuluhisha, asifanikiwe. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ruga-ruga wa Mlozi wakavishambulia vijiji. Watu wakakimbilia ziwa dogo la Kambwe, wakajificha katika matete. Matete yakatiwa moto. Waliotoka walipigwa risasi, na waliobaki majini walikamatwa na mamba. Waliosalia wengi wakafanywa mateka. Baada ya hayo Mlozi akajitangaza kuwa Sultani wa nchi ya Wangonde.

Tazama, ndugu yangu, mtu huyu alivyoteremka. Alianza kwa kuuza pembe, akaishia kwa kuuza watu huru waliokuwa wenyeji wake. Na Mtume wetu ametuonya kwamba auzaye mtu huru akala thamani yake, Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Wala hapakuwa na udhuru wa kutojua, kwani tangu mwaka 1873 Sayyid Barghash alikwisha kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Vita na kampuni vikafuata. Mwaka 1888 Lugard, askari wa Kiingereza, akalishambulia boma akajeruhiwa, na boma halikuvunjika. Mwaka 1889 Harry Johnston akaja, wakaandikiana mapatano ya amani. Walakini Mlozi akaimarisha maboma yake, na misafara ya mateka ikaendelea kupita. Ahadi ya Muislamu ni deni, na yeye hakulilipa.

Mwezi wa Desemba mwaka 1895 Johnston akarudi na mizinga na askari Masingasinga. Boma likapigwa likaanguka, na Mlozi akakutwa amejificha katika shimo chini ya nyumba yake. Mamia ya mateka wakafunguliwa. Wakuu wa Wangonde wakaketi kumhukumu, naye akanyongwa tarehe 5 Desemba. Na nchi yenyewe ikabaki mikononi mwa Waingereza, ambao nao hawakuja kwa ajili ya Wangonde peke yao.

Usultani wake haukutimiza miaka 10. Lililobaki ni jina baya, na ubaya huo ulirushiwa dini yetu, japokuwa dini ilikuwa imemkataza kila alilolifanya.

Basi wewe uuzaye nguo, mchele au samaki, uwe pwani au uwe Busale, si dhambi kutaka duka lako likue. Jiulize tu: aliyekupa mahali pa kuketi, je, yu salama nawe? Ukicheleweshewa haki yako, wamdai mwenye deni, au wamkamua mnyonge aliye karibu? Ukijibu vyema mbele ya Mola wako, faida ndogo itakutosha. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na mwisho mwema. Amin.