Kadalie: Mnyasa aliyewaunganisha makuli bila kungoja bunge

Mfanyabiashara anayeingia Malawi kwa Kasumulu kuelekea Dzaleka au Area 18, Lilongwe, hupita Chitimba, inapoanzia barabara yenye kona nyingi ya kupanda Livingstonia. Katika misheni hiyo ya mlimani ndiko Clements Kadalie alikosomea ualimu. Alikuwa Mtonga, aliyezaliwa karibu mwaka 1896 upande wa Bandawe, kando ya Ziwa Nyasa.

Mwaka 1915 aliacha kufundisha akaenda kutafuta maisha. Alipita Msumbiji, akafanya ukarani Rhodesia ya Kusini, na mwaka 1918 akafika Cape Town. Januari 1919, akisaidiwa na Mzungu aitwaye A. F. Batty, alianzisha chama cha wafanyakazi kilichojulikana kama ICU. Desemba mwaka huohuo makuli zaidi ya 2,000 waligoma na kazi bandarini ikazorota. Mwaka uliofuata serikali ilimwandikia amri ya kuondoka nchini kwa kuwa ni mgeni asiyetakiwa. Alipigania amri hiyo hadi ikafutwa.

Wakati huo fikra za waanarkisti na wanasindikali zilikuwa zimefika Afrika Kusini kwa njia ya mabaharia, magazeti na wahamiaji. Hao walitaka usoshalisti usiopitia bunge wala dola: wafanyakazi wote waingie chama kimoja, wagome kwa pamoja, kisha waendeshe viwanda, migodi na bandari wao wenyewe. Kwa Waafrika, ambao wengi wao hawakuwa na kura, fikra hizo zilikuwa na mvuto. Mwaka 1925 ICU ilitunga katiba ambayo utangulizi wake ulifuata ule wa IWW, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905.

Kadalie mwenyewe hakuwa mwanarkisti kamili. Katika uchaguzi wa 1924 alimuunga mkono Hertzog, akitumaini serikali mpya ingewajali Waafrika. Hertzog alishinda, na mwaka 1926 ikapitishwa sheria ya kuwafungia Waafrika kazi za ufundi migodini. Kura za wengine hazikumlipa.

Nguvu halisi ilitoka kwa wanachama. Kufikia 1927 ICU ilidai kuwa na watu 100,000, wakiwamo vibarua wa mashamba ya Wazungu. Ilivuka mipaka pia: mwaka huo Robert Sambo, Mnyasa mwenzake, alikwenda kuieneza Bulawayo, akafukuzwa na serikali ya huko.

Lakini ada za wanachama maskini hazikutunzwa vizuri. Daftari zilivurugika, viongozi wakashutumiana, na mwaka 1928 Natal ikajitenga chini ya A. W. G. Champion. Mshauri aliyeletwa kutoka Uingereza, William Ballinger, aligombana na Kadalie, naye akajiuzulu mwaka 1929. Alianza upya East London, akaongoza mgomo mkubwa Januari 1930, akakamatwa. Alifia mji huo mwaka 1951.

Mkimbizi mwenye duka Dzaleka ni mgeni Malawi, kama alivyo dereva wa lori kutoka Mbeya. Kama ilivyokuwa kwa makuli wa Cape Town, sauti yao iko katika vyama vyao wenyewe. Amri ya serikali haikuweza kuivunja ICU. Iliyoivunja ni hesabu ambayo wanachama hawakuonyeshwa.