Francis Xavier Lwamgira na Uhifadhi wa Masimulizi ya Buhaya

Katika mjadala wa namna maktaba zetu zitakavyozihifadhi taarifa za kidijitali kwa muda mrefu, maisha ya Francis Xavier Lwamgira wa Kiziba hayana budi kuangaliwa upya. Yeye alilikabili tatizo lenyewe mapema: kuyahamisha maarifa kutoka chombo kimoja hadi kingine.

Lwamgira alitumikia boma la Bukoba zama za Wajerumani. Waingereza waliposhika nchi, akawa katibu wa baraza la wafalme wa Buhaya, kuanzia Kiziba kaskazini hadi Ihangiro, ambayo leo imo wilayani Muleba. Kwa hiyo aliyajua majalada na aliijua ikulu.

Mwaka 1949 kilitoka kitabu chake cha Kihaya, Amakuru ga Kiziba. Humo nasaba ya Wabito, tangu Kibi aliyetoka Bunyoro, imepangwa mfalme baada ya mfalme. Hapa ndipo penye utata. Masimulizi ya mdomo huwa mengi. Kila ukoo una lake, na koo zilizotangulia Wabito hazikulazimika kukubaliana na ikulu. Chapa hutoa simulizi moja. Mtafiti anayemhoji mzee leo hawezi kuwa na hakika kama asikiayo yametoka kwa babu wa mzee huyo au kitabuni. (Kumlaumu mwandishi kwa hilo ni kumwonea, bila yeye mengi yasingekuwapo ya kubishania.) Mwaka 1969 Makerere ilitoa tafsiri ya Kiingereza ya E. R. Kamuhangire, na wanazuoni wa nje wakazoea kuirejelea hiyo badala ya kitabu chenyewe.

Wakati huohuo, 1969 hadi 1970, Peter Schmidt alikuwa akiyarekodi masimulizi ya wazee. Aliporejea Katuruka, jirani na Bukoba, mwaka 2008, wengi wao walikuwa wamefariki, na ukimwi ulikuwa umeukata mnyororo wa urithishaji. Yaliyokwisha kurekodiwa ndiyo yaliyosalia.

Kanda huhitaji mashine ya kuisoma, na faili la kompyuta vivyo hivyo: sharti linakiliwe upya kila vifaa vinapobadilika, na likaguliwe lisiharibike kimyakimya. Lakini maktaba itakayokiweka kitabu cha Lwamgira katika kompyuta iweke kando yake masimulizi ya koo, pamoja na jina la msimulizi, ukoo na kijiji chake, kwa Kihaya. Isipofanya hivyo, itakuwa imeuhifadhi uteuzi wa mwaka 1949 tu.