Neville Chittick: mzungu aliyeifukua Kilwa akaviacha vyungu vyetu jikoni

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Nataka kuwapa habari za marehemu Neville Chittick, maana tuliopita sekondari tulikariri Kilwa, Washirazi na dhahabu ya Sofala kama kasuku. Nani alizipata hizo tarehe? Mwalimu hakusema, na sisi hatukuuliza. Sehemu kubwa ni kazi ya huyu mzee.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1924. Kabla ya kuja kwetu alikuwa Sudan, kazi hiyohiyo ya mambo ya kale. Mwaka 1957 akaletwa Tanganyika kuwa mhifadhi wa mambo ya kale, na mwaka 1961 akawa mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti wa historia ya Afrika Mashariki. Kiti hicho alikikalia zaidi ya miaka 20. Jarida la Azania, ambalo wasomi wanaliandikia mpaka leo, alilianzisha yeye mwaka 1966.

Ila jina alilipata Kilwa Kisiwani. Alichimba msikiti mkuu, akaifukua Husuni Kubwa, kasri la sultani la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la kuogea la pembe nane. Msidhani alikuwa anatafuta hazina. Ukichimba unashuka tabaka kwa tabaka, cha juu ni cha karibuni, cha chini ni cha zamani. Ukikuta kipande cha bakuli la China au la Uajemi, wataalamu wanajua lilitengenezwa karne gani, basi na kile chungu cha kienyeji kilicholala pembeni yake kinapata umri. Hapo ongeza sarafu. Zile zenye jina la Ali bin al-Hasan alizifunga na hadithi ya zamani ya Kilwa, ya mwana wa mfalme toka Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Hadithi ilisema karne ya 10, Chittick akasema hapana, ni mwishoni mwa karne ya 12.

Alichimba pia Kisimani Mafia, Manda kule Lamu, hadi Aksum Ethiopia. Ras Hafun, Somalia, akakuta vigae vya enzi za Warumi, yaani bahari yetu ilikuwa na wageni kabla hata ya Uislamu.

Sasa hapa ndo pana ugomvi. Kilwa, chini kabisa, chini ya kuta za mawe, alikuta vyungu vya kienyeji vilivyokwaruzwa mistari. Alivichora, akavihesabu, akaviandika kwenye kitabu chake cha 1974 kama vyombo vya jikoni. Basi. Miji yenyewe aliona imeanzishwa na watu toka ng'ambo. Mimi nikisoma hivyo nauma meno. Hivi aliyepika kwenye hivyo vyungu alikuwa nani, na alifikaje kisiwani bila chombo?

Jibu lilianza kutoka huku kwetu. Miaka ya 1980 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizunguka mapori ya pwani. Pale Limbo karibu na Kisiju, eneo ambalo zamani lilikuwa Kisarawe na sasa ni Mkuranga, akakuta watu walikuwa wanayeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita. Halafu kisiwani Kwale, ng'ambo ya Kisiju, vyungu vya jamaa wa aina hiyohiyo! Wahunzi na wakulima wa bara walikuwa wanavuka maji karibu miaka 1,000 kabla ya Husuni Kubwa. Na vile vyungu vya baadaye vyenye pembetatu, vinavyofanana pwani yote, vimeonekana pia Dakawa, Morogoro, mbali kabisa na chumvi.

Chittick hakuyaona haya. Alifariki mwaka 1984, mwaka uleule kitabu chake cha Manda kilipotoka.

Lakini nisimwonee. Mwaka 2023 wanasayansi walitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi kwenye miji ya pwani, ikiwemo Kilwa na Manda. Kumbe Waajemi walikuja kweli, wanaume wengi, na kuchanganya damu kulianza karibu mwaka 1000. Upande wa mama ni Waafrika karibu wote. Yaani mzee alimwona baba, mama akamwacha jikoni.

Shambani kwa bibi yangu mvua ikinyesha vigae vinaibuka, utotoni tulikuwa tunavirushia ndege. Mwenye kigae chenye mistari au pembetatu shambani kwake apige picha atuonyeshe. Ila asikiokote, kikishatoka kwenye tabaka lake hakuna atakayejua umri wake.